Mbege ya Mjini, na Maji Yaliyotiwa

(Hotuba iliyosomwa na karani wa chama mbele ya watu wa Kilimanjaro waishio Kariakoo, Gerezani na Ilala, Dar es Salaam. Imepigwa chapa kwa ajili ya ndugu walioko mashamba, ambao wameuliza habari zake.)



Twawashukuruni kwa kuja, ijapokuwa twajua ya kuwa wengi wenu hamkuja kwa furaha. Mwezi uliopita, katika uwanja huu huu, mliinua mikono, nasi tukaandika katika daftari ya chama ya kuwa tangu siku ile asipewe tena kazi yule mama mjane wa Gerezani atupikiaye mbege, na ya kuwa arudishe fedha zote alizopokea kwa ajili ya posa ya kijana wetu, kwa sababu watu 11 waliugua tumbo baada ya kuinywa. Azimio lile tuliliandika kwa mkono wetu wenyewe, wala hatukulipinga. Leo tumeomba ruhusa ya wazee tulisemee tena, maana tumepata habari ambazo siku ile hatukuwa nazo. Au, kusema kweli, tulikuwa nazo wala hatukuzitazama.

Wako ndugu waliosema ya kuwa aibu hii isingetufikia kama tungaliacha pombe kabisa. Sisi nasi tulilelewa katika shule ya misheni, tukafundishwa kuiogopa pombe kabla hatujaijua ladha yake. Hatukusimama hapa kuusifu ulevi. Mlevi twamjua, na watoto wake twawajua zaidi, maana ndio wajao ofisini kuomba barua ya kusamehewa ada ya shule. Lakini posa ya kwetu haiendi mikono mitupu, na mzee wa upande wa binti hasemi neno mpaka kata ya mbege imemfikia mkononi. Hata wale wasiokunywa huipokea, wakaigusa kwa midomo, wakampa jirani. Basi shauri letu la leo si kama yafaa kunywa au haifai. Shauri ni kwamba mwanamke amehukumiwa, na sharti tujue kama alihukumiwa kwa haki.

Watu wa pwani hutuuliza mara nyingi mbege ni kitu gani, na vijana wetu waliozaliwa hapa mjini hawajui kuwajibu. Hebu tuwaeleze kidogo, maana asiyejua jinsi kitu kinavyofanywa hawezi kujua mahali kilipoharibikia.

Ndizi huchumwa zimekomaa, huwekwa darini juu ya meko zipate moshi na joto mpaka ziive kabisa, ziwe laini na tamu. Hapo humenywa, hutiwa katika chungu kikubwa pamoja na maji, na kupikwa. Si kupika kwa saa moja. Moto huwashwa asubuhi, na mpishi huukalia mchana kutwa, akikoroga, mpaka ndizi zibadilike rangi na kuwa nyekundu kama udongo wa kwetu. Kisha huachwa zipoe, hufunikwa kwa majani ya mgomba, na kukaa siku tatu, nne, au zaidi, kwa kadiri ya baridi ya mahali. Katika siku hizo chombo huanza kusema chenyewe: mtu akitega sikio husikia kama mvua inyeshayo mbali. Mama mzazi wetu alikuwa akitupeleka tusikilize, akatuuliza, “Imelala au imeamka?” Kama imeamka, tulikatazwa kukimbia karibu nayo.

Pembeni hufanywa kazi ya pili, nayo ni ya ulezi. Ulezi huloweshwa, hufunikwa mpaka uchipue, huanikwa juani, husagwa; huo ndio kimea. Unga wake hupikwa uji mzito, na katika uji hutiwa kidogo unga wa magome ya msesewe. Msesewe ni mti wa kwetu, na magome yake ni machungu kupita kwinini. Ukizidisha, hakuna anywaye. Ukipunguza, pombe huwa kama togwa ya watoto. (Mti huu una jamaa yake huko Bara Hindi, ambao mwaka 1952 wataalamu walitoa katika mizizi yake dawa ya shinikizo la damu iitwayo reserpine. Wazee wetu hawakujua habari hiyo, lakini walijua ya kuwa msesewe hautiwi kwa kiganja.) Mwisho maji ya ndizi huchujwa, huchanganywa na uji ule uliopoa, na kesho yake mbege hunywewa. Siku ya kwanza ina utamu. Siku ya pili ni chachu. Siku ya tatu hunywewa na wale tu wasio na mahali pengine pa kwenda.

Haya ni ya Uchaggani. Wahaya kule Bukoba hawapiki ndizi zao. Huziponda kwa miguu pamoja na nyasi katika mtumbwi wa mti, wakakamua maji yake, wakatia unga wa mtama uliokaangwa, ikawa rubisi. Wakikuyu wa Kenya huchukua tunda la mwegea, lile refu kama mkungu wa gogo, ambalo halili mtu, wakalikausha na kulitia katika maji ya asali au ya miwa, ikawa muratina. Na tunda lile huhifadhiwa litumike tena, kwa sababu chachu yote imejificha katika nyuzi zake. Huku pwani yako mabibo, matunda ya mkorosho, ambayo kitongoji kizima cha mji huu kimechukua jina lake. Na liko tembo la mnazi, ambalo asubuhi ni maziwa na jioni ni siki.

Sasa njooni mjini. Ndizi za yule mama hazitoki darini kwake, kwa sababu hana dari. Huondoka alfajiri kwenda soko la Mabibo, mahali yanaposhushwa malori ya ndizi, akachagua zile zilizochubuka njiani ambazo mwenye duka hazitaki. Wako walioshika neno hili na kusema, “Mwaona? Atupikia ndizi zilizooza.” Ndugu zetu, ndizi iliyoiva mno haikuoza, na ndizi iliyochubuka haikuoza. Hapana mtu apikaye mbege kwa ndizi nzima ngumu. Tulimwomba atuonyeshe kazi yake mwanzo hadi mwisho, tukakaa uani kwake Jumamosi mbili, wazee wawili pamoja nasi. Nyumba yake ni moja ya zile chache za zamani, vyumba sita na ukumbi katikati, ambazo bado hazijavunjwa kupisha maghorofa. Tuliona anavyozimenya moja moja na kuzikata sehemu nyeusi. Tuliona kuni zake zikiwaka tangu saa moja asubuhi hata saa kumi. Tuliona mapipa yake mawili ya plastiki, ambayo hapo kwanza tuliyatilia shaka kubwa, maana mapipa mengi yauzwayo mjini huwa yalichukua dawa za viwandani. Alitutolea mapipa yale tuyanuse. Yalikuja na mafuta ya kula, na karatasi ya kiwanda ingali juu yake. Tena maji yake yote hupikwa pamoja na ndizi. Hapana tone liingialo bila kuchemka.

Mmoja wa wazee tuliokwenda nao, ambaye ndiye aliyesema maneno makali kuliko wote siku ya azimio, alinyamaza njia nzima tulipokuwa tukirudi.

Lakini katika mkutano ule watu walisema neno lingine: kwamba mbege ile ilikuwa chachu, na uchachu ndio uliowaumiza. Hapa hatuna budi kusema kidogo, maana neno hili husemwa hata na watu wenye elimu. Uchachu si ugonjwa. Katika pombe kuna vijidudu vya namna mbili vifanyavyo kazi. Namna moja ni hamira, ambayo hula sukari ya ndizi ikatoa kileo. Namna ya pili ni ile iletayo uchachu, na hiyo ni jamaa moja na ile igandishayo maziwa ndani ya kibuyu. Mfaransa Louis Pasteur alieleza habari za vijidudu hivyo mwaka 1857. Ule uchachu huwa kama askari mlangoni. Vijidudu vya kipindupindu, mathalan, havistahimili mahali penye uchachu. Huko Ubelgiji, karibu na mji wa Brussels, wako watu wapikao bia iitwayo lambic. Hawaitii hamira. Huiacha usiku kucha katika chombo kipana kilicho wazi, hewa ya baridi ipite juu yake, kisha huiweka katika mapipa ya mti mwaka mmoja, miwili, hata mitatu, na wengine hutia ndani yake matunda mekundu ya cheri. Ni chachu kama ukwaju, nayo hufungwa kwa kizibo kama divai na kuuzwa kwa bei kubwa. Hatujasikia ya kuwa waliitana mkutanoni wakamfukuza mpishi.

Basi kama si ndizi, wala si mapipa, wala si uchachu, watu 11 waliugua nini?

Hapa ndipo tunapokuja kwenye daftari. Mwajua ya kuwa katika posa zetu karani huketi mlangoni na kuandika jina la kila ajaye, mchango wake, na saa aliyofika, ili chama kijue pa kurudisha fadhila. Jioni moja, baada ya kazi, tulikuwa tukihesabu michango ile kwa ajili ya mweka hazina. Tukayatazama majina ya wagonjwa. Kati ya wale 11, kumi walifika baada ya saa tatu usiku. Wa kumi na moja alifika mapema, lakini ndiye aliyezima taa. Tukaandika katika karatasi majina ya watu walioondoka kabla ya saa tatu, walikuwa 38. Tukawapigia simu mmoja mmoja, kazi iliyotumaliza siku nne na fedha si haba. Hapana hata mmoja wao aliyeumwa tumbo, nao wote walikunywa mbege ya mama yule yule.

Tofauti ilikuwa nini? Pipa la kwanza liliisha yapata saa tatu. Ndipo lilipofunguliwa la pili.

Twawaombeni mtusikilize kwa makini sasa, maana hili si jambo jepesi kulisema mbele za watu. Mwakumbuka ya kuwa walialikwa watu sitini, wakaja zaidi ya mia. Pipa la pili lilipofunguliwa, vijana wa jikoni walikuja kutuambia ya kuwa halitatosha, na wageni wa upande wa binti wangali wakifika. Ilikuwa aibu iko mlangoni. Mtu akasema, “Zidisheni.” Maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu asubuhi. Akaitwa mwuza maji apitaye na mkokoteni, yakanunuliwa madumu manne, ikanunuliwa na sukari ya kuficha udhaifu wake, vyote vikatiwa katika pipa na kukorogwa kwa mwiko. Katika ukurasa wa matumizi wa daftari ya chama mmeandikwa hivi: “Maji, madumu 4. Sukari, kilo 3.” Mwandiko ni wetu. Fedha ilitoka mikononi mwetu. Na aliyesema “Zidisheni” hatutamtaja, ila hatukumkataza.

Nanyi mwajua desturi yetu ya kuonja. Mpishi, au mwenye karamu, hunywa kwanza mbele ya wageni, ili ijulikane ya kuwa hakuna ubaya ndani. Mama yule alipoleta mapipa yale saa nane mchana alionja yote mawili, akampa mshenga, akaenda zake kwa sababu alikuwa na kazi ya watu wengine. Baada ya maji kutiwa, hapana aliyeonja. Tulikuwa na haraka.

Tulimtafuta yule mwuza maji. Si mtu mbaya. Alituonyesha bila kuficha kisima ayatekamo siku za shida, kisima kifupi katika uwanja wa nyumba, na hatua chache kutoka hapo ni choo cha shimo. Tuliyapeleka maji yake kwa Bwana Afya, naye akatujibu ya kuwa yana vijidudu vya uchafu wa choo, wala hayafai kunywewa bila kuchemshwa. Dar es Salaam haina haja ya kufundishwa habari hii mara mbili: kipindupindu cha mwaka 1977 na 1978 wazee wanakikumbuka, na kile kilichoanza katika mji huu Agosti 2015, kikaenea hata mikoa mingine, sisi sote tunakikumbuka. Tulimshukuru Mungu ya kuwa yetu hayakuwa hayo. Lakini yule babu wa Ilala alilazwa siku tano, na mwanawe alikuwa amekwisha kutuuliza habari za lori la kupeleka maiti nyumbani.

Tulipokuwa katika kazi hii tulikumbuka habari ya London, mwaka 1854, ambayo wanafunzi wa uganga wote huisoma. Kipindupindu kiliua watu wengi kandokando ya Broad Street, na Daktari John Snow akaandika mahali alipofia kila mtu, akaona ya kuwa wengi wao walikunywa maji ya bomba moja la mkono. Katika mtaa ule kulikuwa na kiwanda cha bia, chenye wafanyakazi zaidi ya sabini, wala hapana aliyekufa kwa ugonjwa ule, kwa sababu walikuwa wakipewa bia, na maji ya lile bomba hawakuyagusa. Sisi kwa akili zetu tuliyachukua maji tukayapeleka ndani ya pombe.

Ziko habari nyingine za karibu nasi zaidi, nazo ni za kuhuzunisha. Januari 2015, katika mahali paitwapo Chitima, mkoa wa Tete, nchi ya Msumbiji, watu walikunywa pombe ya kienyeji siku ya mazishi. Walikufa watu 75. Mara ile ile ilisemwa ya kuwa pombe imetiwa nyongo ya mamba, na kila mmoja akamtazama jirani yake kwa jicho la uchawi. Baadaye wataalamu walipima, wakakuta si nyongo ya mamba wala mkono wa mtu. Ulikuwa ni unga wa mahindi ulioharibika, ukaingiwa na vijidudu vya namna ya pekee vitoavyo sumu. Na sumu hiyo ilijulikana zamani huko Java, katika chakula kifanywacho kwa machicha ya nazi. Kuichemsha hakuiondoi. Mama aliyeipika pombe ile alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Kwa hiyo ndugu zetu mlioko mashamba, mtuleteao kimea katika magunia, twawaombeni neno moja. Ulezi ukipata unyevu njiani, ukawa na ukungu au harufu ya pango, msiuanike upya na kuuleta. Mwaka 1916 na mwaka 2016 si mamoja. Sasa twajua kuvu huacha sumu ndani ya nafaka hata baada ya kukauka, na mwaka 2016 sumu kuvu katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ulezi wa namna hiyo hautakiwi, hata kwa bure, wala usipewe kuku.

Tumetaja mwaka 1916, nasi hatukuutaja bure. Waingereza waliuteka mji huu Septemba mwaka ule, wakaweka hapa tuketipo kambi ya wapagazi wa vita, iliyoitwa Carrier Corps. Ndimi za watu zikaligeuza jina likawa Kariakoo. Jumba lililojengwa na Wadachi kabla ya vita likawa soko mwaka 1923, na mahali pake pakajengwa lile la Bwana Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975, ambalo moto uliliunguza Julai 2021. Watu hukumbuka soko, wapagazi wamewasahau. Walikufa maelfu kwa maelfu katika vita ile, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa chakula kibovu na maji machafu waliyopewa. Mtaa huu umebeba jina lao.

Na tangu zamani hizo, jambo la pombe likiharibika katika mji huu, wa kwanza kutazamwa ni mwanamke mwenye chungu. Amri ya mwaka 1922, ambayo kwayo Waingereza walikabidhiwa Tanganyika, iliwaagiza wazuie sana biashara ya vileo vikali. Mwafrika kwa miaka mingi hakuruhusiwa kununua vileo vya Kizungu, na pombe yake mwenyewe mjini iliruhusiwa kuuzwa mahali palipowekwa tu. Waliopika uani kwa siri walikamatwa, na pombe yao ikamwagwa mfereji. Baada ya Uhuru ikaja sheria ya mwaka 1966 ya kukataza gongo, na ya mwaka 1968 ya leseni za vileo. Hatuzilaumu sheria hizo. Gongo limepofusha na kuua watu. Twasema tu ya kuwa tumezoea kuelekeza kidole upande mmoja, hata siku ile hatukuhitaji kufikiri.

Watu wa pwani wana methali, nanyi nyote mwaijua: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Katika mkutano wa mwezi uliopita mmoja wetu aliitaja methali hii juu ya mama yule, watu wakacheka, nasi tukacheka pamoja nao, hali tukijua ni nani aliyetia maji.

Juma lililopita tulikwenda kwake, wazee wawili na sisi. Tulimkuta ameketi juu ya kigoda, chungu kimoja tu kikiwa motoni, maana habari zetu zilimtangulia na posa tatu zimempita. Ana watoto wawili shuleni Marangu, na kwa muhula huu ada yao hajaimaliza. Tulimweleza yote tuliyowaelezeni, na habari ya madumu manne hatukuiruka. Hakupiga kelele. Alizisukuma kuni ndani, akafuta macho kwa upande wa kanga, tukadhani ni moshi. Kisha akasema, “Mngeniita. Nilikuwa na mbege nyingine ndani, ya watu wa Jumapili. Ningewapa nusu, wao ningewaeleza.” Halafu akauliza kama babu wa Ilala amepona, na kama ameanza kula.

Wazee, maombi yetu ni haya. Azimio la mwezi uliopita lifutwe, na kufutwa kwake kutangazwe kwa sauti ile ile iliyolitangaza, kanisani na msibani, maana hukohuko ndiko lilikosemwa. Fedha alizorudisha apewe, pamoja na zile za mapipa aliyozuiliwa. Gharama za hospitali za wale 11 zilipwe na waliotoa fedha ya maji. Sisi tumekwisha kuleta sehemu yetu, nayo iko mbele ya mweka hazina katika bahasha. Tena katika karamu zetu pipa likipungua, lipungue. Mgeni aambiwe ya kuwa imekwisha.

Daftari iko mezani. Azimio liko ukurasa wa 41, na hesabu ya maji iko ukurasa wa 39, yaani nyuma yake. Atakaye kuzisoma kabla ya kupiga kura na aje azisome.